Mstari wa Chiku

Nimehama sana mimi. Nimekaa Mafinga, Kyela, Tunduma, na kote nilipata majirani wema. Lakini wivu ulionishika mwaka wa tisini na mbili, nilipokuwa ninaishi mtaa wa Ramadhani pale Njombe, haujanirudia tena popote. Wala haukuwa wa mwanamume. Nilimwonea wivu mwanamke mwenzangu, kwa sababu ya rafiki.

Rafiki mwenyewe ni Chiku, aliyekuwa na kibanda cha chakula Makambako, karibu na stesheni ya reli. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye gunia lake anauza anakotaka. Kila mwezi nilipanda lori la Hassani na viazi vyangu, Chiku ananunua, nami nalala kwake, mtaa wa Lyamkena hapohapo Makambako. Mume wangu alipofariki, Chiku, Mwislamu wa sala tano, alikaa msibani kwetu Walutheri wiki nzima, yuko jikoni na sufuria. Kitanda chake kilikuwa kimoja, na upande wa ukutani ulikuwa wangu. Hata nisipokuwepo aliuita "kwa Esteria".

Basi mwezi wa tisa nafika, nakuta mfuko wa nguo umekaa kitandani, upande wangu wa ukutani.

"Wa nani huu?"

"Wa Safina. Mumewe ni utingo. Kamshusha hapa, kamwambia amsubiri, lori likaenda Zambia. Mwezi wa pili sasa."

"Na wewe ukamwokota."

"Kama nilivyokuokota wewe, shoga." Akacheka.

Mimi sikucheka. Huyo Safina akaja, mwembamba, sauti ya chini, mikono inajua chapati. "Karibu chai, dada." Nikasema nimeshiba, na njaa ilikuwa inanikata. Nililala mkekani kama mgeni, na kesho yake nikaondoka bila kuaga vizuri. Mwezi uliofuata sikwenda. Nilimpa Hassani viazi apeleke. Chiku akituma salamu, nazipokea kama mtu anayepokea barua ya serikali.

Mvua za kwanza zilipokaribia, nikaita mgowe. Kwetu mgowe ni kualika watu waje kukulimia, nawe unawapikia. Siku yao ikifika, unakwenda kwao. Kila mtu anapewa mstari wake. Asiyeweza kuja anatuma mtu wa nyumbani kwake, na huyo aliyetumwa anahesabiwa kama yeye mwenyewe. Nikamwambia Hassani, "Mwambie Chiku aje. Aje peke yake, huyo mgeni wake abaki." Mstari wa juu, wenye udongo laini, niliuweka kwa ajili yake.

Siku ikafika, lori likasimama, akashuka Safina. Amevaa sweta la Chiku.

"Kamwene," nikamsalimu kwa Kibena, makusudi.

"Marahaba," akajibu, kana kwamba nimemwamkia shikamoo. Wanawake wote wakaangua kicheko.

"Chiku yuko wapi?"

"Kanituma mimi."

Yaani mimi naomba rafiki, naletewa huyu! Nikampeleka bondeni, penye nyasi za sangari, mizizi imesukana kama mkeka, nikampa jembe lenye mpini mbovu.

Jirani yangu Erica akasema, "Mama Obed, huo ni mstari wa mwanamume."

"Si katumwa? Alime."

Akalima. Sisi tulioko juu tulimaliza, yeye hajafika hata nusu. Desturi ni kwamba waliomaliza wanashuka kumpokea aliyebaki nyuma. Wanawake wakachukua majembe.

"Mwacheni," nikasema. "Watu wa Makambako wana nguvu."

Erica akanikazia macho. "Angekuwa Chiku, ungemwacha?"

Nikaenda kupakua makande. Wakaja kula, lakini mimi sahani yangu nikaiacha. Nikashuka bondeni. Mpini ulikuwa na damu.

"Acha, uje ule."

"Sijamaliza."

"Nimesema acha!"

Akalitupa jembe. "Unajua ninavyokuchukia wewe? Nikitia chumvi, ooh, Esteria hutia kidogo. Nikikunja blanketi, Esteria hakunji hivyo. Tangu siku ile uliyonuna, mfuko wangu uko sakafuni na mimi niko mkekani. Ukutani halali mtu. Nikasema, ngoja nikamwone huyo malaika. Haya, nimekuona!"

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja tu. "Ukutani halali mtu?"

"Hata paka."

Nikakaa chini kwenye majani. Kumbe hata mimi nilikuwa naonewa wivu, tena na mtu asiye na hata kitanda.

"Sasa mbona hakuja mwenyewe?"

Safina akatazama miguu yake. "Kanikataza kusema. Mafuta ya maandazi yalimmwagikia mguuni, hakanyagi. Kasema ukijua utaliacha shamba, na bila viazi Obed harudi shule. Alitaka aje hivyohivyo, anaruka kwa mguu mmoja. Nikamwambia wewe kaa, nitakuwa wewe."

Nililiokota jembe lile bovu, yeye nikampa langu. Nikaenda mwisho wa mstari nikaanza kulima nikimfuata, naye akalima akinifuata, mpaka majembe yakagongana.

Asubuhi lori lilitupeleka wote wawili Lyamkena. Chiku yuko kitandani, mguu umefungwa kitambaa. Nikamfungua nione kama huyo Safina amefunga vizuri. Alikuwa amefunga vizuri. Nikaudhika. Nikafunga upya, vilevile.

"Umekaza mno," Safina akasema.

"Wewe leta mikono yako hapa." Nikampaka mafuta kwenye malengelenge, kidole kwa kidole, huku nimenuna. Yeye akanyoosha mkono mwingine, naye amenuna.

Chiku alikuwa anatutazama. "Alhamdulillahi. Naona mmependana."

"Nani?" tukasema kwa pamoja.

Akacheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu. Kisha akajisogeza katikati ya kitanda. Nikapanda upande wangu, ukutani. Nilipogeuka, Safina alikuwa amesimama na mkeka wake.

"Unasimama nini?" nikamwambia. "Upande wa mlangoni hauna mtu."