Sahihi ya Anselmo

Jumanne ile kaka yangu Anselmo alichelewa kazini, lakini karatasi ilisema amewahi. Mkewe, Luzviminda, alikuwa na homa, naye akabaki kidogo kumpikia uji. Mimi nilikuwa getini tangu saa kumi na mbili na nusu, nikisikiliza hotuba ya usalama.

Hotuba hiyo ilikuwa ya kila asubuhi. Afisa usalama, Delfin Paglinawan, alipanda juu ya mifuko ya saruji, helmeti yake nyeupe pe kwa kuwa haijawahi kurukiwa na zege, akatuamuru tupige makofi mara tatu na kusema, "Usalama ni wetu sote." Tukapiga. Nyuma yake lilining'inia bango la kamati ya usalama: picha za mameneja wanne wanaotabasamu na wafanyakazi wawili ambao hawakuwahi kuitwa kikaoni hata siku moja. Mmoja wa hao wawili nilikuwa mimi. Kikao tuliletewa kwenye foleni ya wali, kikiwa kimekwisha kuandikwa. Tunaweka sahihi, tunaendelea kula.

Kwetu Cavite, Ufilipino, kuna neno, pakikisama. Maana yake ni kwenda sawa na wenzako, usimwangushe mtu. Kampuni ililipenda sana. Kikundi ambacho mahudhurio yake yalitimia mwezi mzima kilipewa gunia la mchele, kwa hiyo asiyekuwapo alisainiwa na wenzake, na ubaoni ikaandikwa asilimia mia. Afisa alijua. Nyapara wetu, Isagani, alijua zaidi.

"Anselmo yuko wapi?" aliniuliza.

"Yuko njiani, bosi."

"Njiani wapi, kitandani? Haya, msainie. Na usisahau ule mkia wake wa ng'ombe."

Sahihi ya kaka iliishia na mkia mrefu, nami nilikuwa nimeuzoea. Niliuchora. Asubuhi hiyo afisa alisema jambo moja tu la maana, katikati ya makofi: ghorofa ya saba limetobolewa tundu la kupitishia mabomba, limefunikwa kwa plaiwudi, msiiguse. Kuipigilia misumari, au kuiandika neno moja kwa chokaa, hakuna aliyepata nafasi. Nafasi ilikuwa ya makofi.

Anselmo alifika saa moja na robo. Nilikuwa chini nakata nondo. Alinipungia mkono, akapanda. Sikumwambia kitu, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kumsainia, na kichwani mwangu aliyesainiwa ni mtu aliyesikia.

Kule juu alikuta plaiwudi imelala sakafuni. Seremala kama yeye akiona ubao umelala bure huuokota. Aliinyanyua kwa mikono miwili, ikamziba macho, akapiga hatua moja mbele.

Siku ya tatu ya matanga kampuni ilileta shada la maua, na utepe wake ulisema usalama ni wetu sote. Paglinawan alilisimamisha karibu na jeneza, akalirekebisha mara mbili ili utepe usomeke, kisha akanivuta pembeni.

"Tumesikitika, mdogo wangu. Lakini marehemu alielezwa. Sahihi yake hii hapa."

"Kwa hiyo ripoti inasemaje?"

"Uzembe wa mfanyakazi. Kikao ni Ijumaa, na mkaguzi wa serikali atakuwepo. Wewe ni mwanakamati, utatia sahihi."

Kama kosa ni la kaka, basi tundu halina kosa. Na matundu kama lile yalikuwa yameanza kutobolewa hadi ghorofa ya kumi na mbili.

Paglinawan alipoondoka, Isagani alibaki.

"Sikiliza, Dulo. Ukisema ulimsainia, umetutaja sote. Watu ishirini na sita tunasainiana."

"Najua."

"Basi shirikiana na wenzako. Marehemu hatasoma ripoti."

"Mkewe atasoma."

"Mkewe analia. Anayelia hasomi."

Luzviminda alikuwa nyuma ya pazia akiosha vikombe, na hakuwa analia. Isagani alipotoka, aliniuliza, "Nani alimsainia?"

"Mimi, shemeji."

"Na habari za tundu ulikuwa nazo."

"Nilikuwa nazo."

"Akapita mbele yako."

"Alinipungia mkono."

Aliendelea kuosha kikombe kilekile. "Ijumaa utawaambia hivyohivyo. Na machozi usiongeze, hayo niachie mimi."

Kumbe kamati ilikuwa na chumba, tena chenye feni na viti vya kuzunguka. Kulikuwa na kahawa na vitumbua vya mchele. Paglinawan alisoma ripoti kwa sauti ya padri, na mameneja wanne wakatikisa vichwa kwa huzuni iliyopangwa. Karatasi iliponifikia niliigeuza, nikaandika nyuma yake jina la Anselmo, na mkia wake, mara tatu. Nikaisukuma kwa mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani, kando ya orodha ya Jumanne.

"Sahihi ile niliiweka mimi," nikasema. "Hakuwepo. Na alipokuja sikumwambia."

"Huyu ana msiba," akasema mmoja wa mameneja, injinia. "Hajui anachosema."

"Mkono wake unajua," mkaguzi akajibu, akazitazama sahihi zile moja moja. "Nyapara, ni kweli?"

Isagani, aliyeitwa kikaoni kama shahidi, alikuwa akichunguza kitumbua kana kwamba ni yeye aliyekipika.

"Huwa tunasainiana, mama," akasema mzee Hermogenes, mwanakamati mwenzangu, ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya kuomba kiberiti. "Wote. Hata vikao hivi tunavisainia kwenye foleni ya wali."

Huo ndio ushirikiano wa kwanza niliouona katika kamati ile.

Ripoti iliandikwa upya: chanzo cha kifo ni tundu lililofunikwa bila misumari wala alama. Matundu yote yamepigiliwa. Gunia la mchele lilifutwa, na wenzangu walilililia gunia hilo kuliko walivyomlilia Anselmo. Baada ya wiki mbili Isagani aliniambia kikundi kimejaa.

Sasa napiga plasta nyumba za chini huko Imus. Jumapili nampeleka mtoto wa Anselmo kanisani, sisi wawili tu, kwa sababu mama yake hataki kuongozana nami.