Theluji ya Stella Isonzo

Chama cha wastaafu wa karakana ya meli, katika mji wetu huu mdogo wa ghuba ya Trieste, kilinitaka niandike historia ya Stella Isonzo, ili isomwe siku ya kuadhimisha miaka hamsini tangu meli hiyo ya abiria iliposhushwa majini. Nilichaguliwa kwa sababu mbili. Nilikuwa msimamizi wa kikosi kilichofunika mabomba na kuta zake kwa asbesto, ile pamba nyeupe ya kuzuia moto. Tena ilisemwa mjini kwamba mimi, Silverio Zorzin, sijapata kusema uongo.

Binti yangu Nerina alipiga chapa kwa mashine. Aliketi jikoni, blanketi mabegani, akipumzika kila baada ya mistari michache ili apate pumzi. Alikuwa na saratani ya utando wa mapafu. Ugonjwa huo, uletwao na vumbi la asbesto, ulikuwa umekwisha kuwachukua watu kumi na wanne wa kikosi changu, lakini Nerina alikuwa mwalimu wa shule, na karakana hakupata kuikanyaga hata siku moja.

"Daktari kaniuliza tena vumbi nililipata wapi," alisema. "Nimemwambia labda nguo zako alizokuwa anafua mama."

"Labda," nilijibu, kisha nikaendelea kumsomea.

Nilimsomea jinsi meli ilivyoshushwa majini mwezi wa Aprili 1951, kengele zote zikilia. Jinsi ilivyowachukua wahamiaji kwenda Australia, mama zao wakibaki gatini na leso. Jinsi Wagiriki walivyoinunua na kuibadili jina. Jinsi ilivyozeeka ikiwa hoteli, na mwishowe ikakatwa vipande katika bandari ya Kaohsiung, mashariki ya mbali.

"Baba, hii ni historia au unamposea mtu? Meli haina hata doa!"

Egidio, mwenyekiti wa chama, aliingia wakati huo na chupa ya mvinyo kwapani.

"Mwache hivyohivyo, Nerina. Na mambo ya vumbi msiyaguse, jamani. Watu wanakuja kula, hawaji matangani."

"Weee Egidio! Pafu lenyewe umebakiza moja, na bado unaipigia meli tarumbeta," Nerina alimwambia.

Egidio alicheka hata akakohoa, naye akakohoa kwa muda mrefu kuliko alivyocheka. Alipokwisha kuondoka, Nerina alinitazama.

"Baba, kuna kitu hutaki kuniambia."

Kilikuwapo. Kwetu theluji haikai, maana upepo mkali wa milimani, uitwao bora, huifagia yote baharini. Kwa hiyo kila Desemba watu wa kikosi changu walijaza pamba nyeupe katika makopo yao ya chakula, wakaipeleka nyumbani iwe theluji ya pango la Noeli, juu ya sanamu za mtoto Yesu na wachungaji. Kila nyumba ilikuwa na sanduku lake la viatu la kuihifadhi hata mwaka wa pili. Nerina, akiwa na miaka saba, aliichambua kwa vidole, akaiweka kiganjani na kuipuliza iwaangukie wachungaji. "Vuma, bora, vuma!" alikuwa akisema, na mama yake akicheka.

Pamba ile ilitoka Stella Isonzo. Na mwezi mmoja kabla ya Noeli hiyo, daktari wa karakana alikuwa ametuita sisi wasimamizi sita faraghani, akatuambia kwamba vumbi lile hula mapafu, lisipelekwe majumbani. Tena tusiwaambie watu, wasije wakaacha kazi, kwa kuwa meli ilikuwa na tarehe yake ya kukamilika. Nilitii neno la pili. Kama msimamizi angalirudi nyumbani na kopo tupu, watu wangaliuliza sababu. Basi nilijaza langu mbele yao wote.

"Andika," nilimwambia Nerina.

Nilisema yote, neno kwa neno, naye akapiga chapa. Alipofika kwenye pango aliacha kupiga.

"Jina la mtoto?"

"Nerina Zorzin."

Aliliandika. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Nilipokuwa naipuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapo ulipokaa wewe."

Alitoa karatasi mashineni, akaniwekea mezani. "Tia sahihi." Nilitia. Nikanyoosha mkono nimsaidie kuinuka.

"Usinishike. Niitie jirani."

Tulimzika mwezi wa Machi. Mpaka siku hiyo hakunisemesha tena ila kuomba maji.

Mwezi wa Aprili niliisoma historia yote mbele ya chama, pamoja na ukurasa ule. Egidio alinivuta koti mara mbili, sikuketi. Uma ziliwekwa chini, moja baada ya nyingine. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi, wala hakuna aliyenitukana, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Ndipo Lucilla, mjane wa fundi wangu wa kwanza, aliposimama mwisho wa meza, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Silverio," alisema, "sanduku la kwetu bado liko darini. Wajukuu walilishusha Noeli iliyopita."