Upande wa Ukutani

Kinyozi yule mtaa mzima ulimwita Kasuku, kwa kuwa mkasi wake ulichoka kabla ya mdomo. Alipopooza, mdomo ukaenda kombo na maneno yakawa yanatambaa. Mkewe akamlaza kwenye kitanda cha ukutani, uso ukauelekea ukuta. Waliokuja kumjulia hali waliambiwa, "Amelala, msimwamshe," nao wakalisalimu blanketi na kwenda zao.

Si kwamba mke hakufundishwa. Muuguzi wa zahanati alimwonyesha: mkunje goti, mshike bega na nyonga, mviringishe taratibu kuja kwako, kisha mto katikati ya magoti. Upande huu usizidi, ule usiusahau. Mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Kumsogeza juu kitandani ni kwa shuka lililokunjwa chini yake, watu wawili, huku na huku. "Usimburure, mama. Ngozi ya mgonjwa ni karatasi iliyolowa."

Aliitikia, na kusikia alisikia. Lakini Kasuku akielekezwa mlangoni, udenda ulimchuruzika na jicho moja halikufumba, na watu wangeona. Kila alipomaliza sala alijiambia anamsitiri mumewe. Mungu hakumjibu, naye akauchukua ukimya ule kuwa ruhusa.

Siku moja wifi yake aliingia bila hodi, muuguzi nyuma yake.

"Wifi, mbona chumba kinanuka?"

"Ni dawa."

"Dawa gani hiyo inayoita nzi?"

Muuguzi akafunua shuka. Kwenye nyonga ya kushoto, ile ya kulalia, palikuwa na kidonda kilichochimbika, kimefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi vizuri. Kitambaa kile ndicho kilichomsuta mke. Maana aliyekipiga pasi alijua kidonda kipo.

"Kaka yangu namchukua leo hii," wifi alisema. "Mtu anaoza akiwa hai, na wewe unapiga pasi!"

Mke aliinamisha kichwa. Akatazama miguu yake.

"Da... da," ikatoka sauti kitandani.

"Abee, kaka."

"U... kuta. Nime... uchoka."

Mke akapiga magoti kando ya kitanda. "Nilikuwa nakusitiri, baba watoto."

Jicho lile lisilofumba likamgeukia. "Mi... mi? Au... we... we?"

Hapo mke alitamani ardhi ipasuke immeze. Muuguzi ndiye aliyewaokoa. "Haya, shikeni shuka. Wifi huku, mama kule. Tukisema twende, ni pamoja."

Wakamwinua bila kumburura, wakamviringisha taratibu, mto ukawekwa. Kasuku akatazamana na mlango wake. Udenda ukaanza safari yake.

Muuza mkaa alikuwa akipita nje. Akasimama ghafla. "Kasuku! Kumbe uko macho! Nywele zangu utazikata lini? Mke wangu ananiita ufagio!"

Kasuku akacheka. Kicheko cha nusu mdomo, kibaya kukitazama, na hakikuisha upesi. Majirani wakaanza kusogea mlangoni.

Wifi akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kesho nakuja tumgeuze tena," alisema. La kumchukua hakulirudia, wala hakumtazama wifi yake.

Mke akachukua kitambaa kingine safi. Mkono ukasita, watu wanaangalia. Kisha akaufuta ule udenda mbele yao wote, yeye mwenyewe sasa kaelekeza uso ukutani.