Machicha Matamu

Wasiniambie walinificha kwa sababu wananipenda. Nina miaka sitini na mbili, thelathini na sita kati ya hiyo nimeimaliza kwenye ndoa, na neno hilo nimelisikia likifunika kila aina ya uchafu. Anayekupenda anakwambia ukweli. Ukinuna, shauri yako.

Mimi ni Daktari Kou, wa dawa za mizizi, kama baba yangu na babu yangu. Hapa kwetu Gansu milima inachimbwa huangqi, na watoto wanautafuna mzizi huo kabla hawajamaliza kuota meno. Miaka minne iliyopita hospitali ya wilaya ilifungua chumba cha tiba mbili. Meza mbili zinatazamana: yangu, yenye kimto cha kuwekea mkono wa mgonjwa nikimpima mapigo, na ya Daktari Zhai, yenye kompyuta na majibu ya maabara. Sheria ilikuwa moja tu. Dawa yoyote inayotoka chumbani humo, iwe mzizi au kidonge, ina saini zetu wote wawili.

Zhai nilimtaka mimi. Amesomea udaktari wa kisasa, lakini kabla ya hapo, akiwa kijana, alikuja dukani kwa baba, akapiga magoti mbele yangu, akanipa bakuli la chai kwa mikono miwili. Nikainywa. Ukishainywa chai hiyo, huyo ni mwanafunzi wako na mwanao mpaka mmoja wenu azikwe. Na ubao wa duka la baba, wenye jina la ukoo wetu kwa rangi ya dhahabu, ni yeye aliyenisaidia kuubeba mpaka hospitalini na kuutundika juu ya meza yangu.

Mwezi wa nane mwaka jana miguu ya mume wangu ilianza kuvimba. Anaitwa Pang, fundi matrekta mstaafu, maneno mengi meno machache. Ukimbonyeza kifundoni, kidole kinaacha shimo. Maabara wakasema figo zinavujisha protini. Zhai akataka tumpe prednisoloni, vile vidonge vidogo vyeupe, pamoja na mizizi yangu. Nikasema tuanze na mizizi peke yake, wiki sita. Ningeishia hapo ingekuwa heri. Lakini mbele ya manesi wawili, na Pang mwenyewe amekaa kitandani, nikaongeza: "Nikishindwa kumtibu mwanamume wa nyumbani kwangu, ubao wa baba nitaushusha kwa mikono yangu."

Mdomo wangu huu umeniponza mara nyingi, ila si kama siku ile.

Kila Jumapili nilimpimia Pang mizizi ya wiki nzima, pakiti saba. Alijichemshia mwenyewe, maana mimi saa moja asubuhi nimeshatoka. Machicha, yale makapi ya mizizi iliyokwisha chemshwa, aliyamwaga njia panda karibu na nyumba, kama tunavyofanya wote, ili wapita njia wayakanyage na ugonjwa uondoke na viatu vyao. Mfagiaji wa mtaa alikuwa akimtukana kila asubuhi, na Pang akimjibu.

Wiki ya saba uvimbe ulikuwa umekwisha. Majibu mazuri. Mashavu ya Pang yakajaa, yakawa mekundu. Sasa nisikilizeni. Mimi ndiye daktari ninayeweza kumwona mtu mlangoni, uso umekuwa mduara, nikasema huyu yuko kwenye prednisoloni, na sikosei. Lakini kwa mume wangu nilizunguka mtaa mzima nikisema, mwoneni alivyonawiri. Nyani haoni kundule.

Miao alinisikia. Miao anauza tambi za nyama ya ng'ombe milango mitatu kutoka kwetu, jirani wa miaka ishirini, na alikuwa na ugonjwa ule ule. Alikuwa kwenye vidonge mwaka mzima.

"Dada Kou, Kaka Pang anakunywa nini?"

"Mizizi."

"Mizizi tu?"

"Mizizi tu. Mbona unaniangalia kama nimekuuzia ng'ombe mgonjwa?"

"Basi na mimi niondolee hivi vidonge. Angalia uso wangu. Wateja wananiita andazi la mvuke, eti nijipange kwenye sinia na wenzangu."

Nikacheka, nikampeleka chumbani kwetu. Niliandika tumpunguzie vidonge polepole, wiki kumi, mpaka viishe, abaki na mizizi ya Pang. Zhai aliishika ile karatasi muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "kila figo na tabia yake."

"Tabia ya figo za Pang umeiona kwenye kompyuta yako. Au majibu yanadanganya?"

Akainamisha kichwa. "Majibu hayadanganyi," akasema, akatia saini.

Wiki ya kumi na tatu, Jumanne asubuhi, mkwe wa Miao alimleta mgongoni. Amevimba mpaka kope, pumzi haitoshi kumalizia sentensi. Zhai alimpima, akamkimbiza kwenye mashine ya kusafisha damu, wala hakuniangalia usoni. Nikaona ni haraka ya kazi. Mimi nikatoka mbio kwenda nyumbani kuchukua daftari la baba, nione kama kuna kitu nilichokisahau. Nilichotaka ni kimoja tu, figo za Miao zisife mikononi mwangu.

Pale njia panda nilikanyaga machicha ya Pang, yakalia chini ya kiatu kama biskuti.

Nikasimama. Huangqi uliochemshwa saa moja na nusu hauvunjiki kwa mlio. Unakuwa nyuzinyuzi, unalala chini kama kitambaa. Nikainama. Kunazi nilizochanganya na mizizi zilikuwa nzima, hata ganda halijapasuka. Vipande vilikuwa vimelowa kwa juu tu, ndani vikavu. Nikakiokota kimoja nikakifuta na sketi, nikakitafuna pale pale barabarani, mfagiaji ananitazama. Kilikuwa kitamu, utamu ule ule niliokuwa nimeupima mwenyewe Jumapili. Hakikuwa kimeingia kwenye chungu.

Nyumbani Pang alikuwa anamenya vitunguu saumu huku redio inaimba. Nikaweka kipande mezani.

"Tafuna."

"Mama Fang, umerudi mapema." Huniita kwa jina la mtoto wetu.

"Tafuna, Pang."

Akatafuna. Nikamuuliza kama ni kitamu. Akasema ni kitamu.

"Vidonge viko wapi?"

Hakubisha. Alikwenda kwenye kopo la tumbaku, kitu pekee ndani ya nyumba ile ambacho sikigusi kwa harufu yake, akatoa bahasha. Juu yake imeandikwa: asubuhi, baada ya kula. Ulikuwa mwandiko wa Zhai, na mwandiko huo niliunyoosha mimi, herufi kwa herufi.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu. Ngozi ya miguu ilikuwa inapasuka. Mimi ndiye niliyemfuata, usimlaumu kijana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeushusha ubao."

"Si ningeushusha? Ni mbao tu."

"Ungeushusha, halafu ungekaa unautazama mpaka ufe. Nakujua, Mama Fang. Nikasema moyoni, mimi nikipona, wewe ukifurahi, nani kaumia?"

"Miao."

Akakaa chini, mdomo wazi. Inaonekana hakuwa amelifikiria kabisa, na hilo lilinikata maini kuliko uongo wenyewe. Miaka thelathini na sita nimelala na mtu huyu. Kumbe kila asubuhi, mimi nikishafunga mlango, alikuwa anazilowesha dawa zangu kwenye beseni na kuzipeleka barabarani ili nikipita nizione. Walinifanya mjinga, yeye na mwanangu wa chai, na mimi mjinga nikawasaidia kutangaza.

Daftari la baba sikulichukua. Nilirudi hospitalini, nikamkuta Zhai koridoni. Bahasha ilikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo hakuuliza kitu.

"Ulitia saini," nikamwambia.

"Mwalimu, wapo wanaopunguza vidonge na hawaumwi tena. Nilisema moyoni, nitampima kila wiki mbili, protini ikianza kupanda namrudishia."

"Ilipopanda?"

"Hakuja kupima. Nikampigia simu, akasema yuko salama, mizizi ya Kaka Pang inamfaa." Akaitazama bahasha. "Nilitaka kukwambia siku ile. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Lakini chai yangu uliinywa, Mwalimu. Mtoto hamvui mzazi wake nguo mbele za watu."

"Kwa hiyo ukaniacha nitembee uchi, watu wote wanaona isipokuwa mimi. Ungeniletea karatasi ya Pang ningetia saini, Zhai. Ningelia siku mbili, na ningetia saini. Hicho chumba tulikifungua cha nini?"

Kama chai ya miaka ishirini na moja hutapikwa, ningeitapika pale.

"Figo zake zitarudi?"

"Sidhani," akasema. Hapo ndipo alipoanza kulia. Nilimwacha alie.

Nikaingia chumbani kwetu, nikapanda juu ya kiti. Ubao ni mzito, na mikono yangu si ile ya zamani. Zhai akaja kunisaidia. Nikamwambia asiguse. Niliushusha mwenyewe, nikaugeuza uso ukutani, nikaenda wodini.

Miao alikuwa amelala, mrija shingoni, mashine inanguruma pembeni yake. Nilivuta kigoda. Nilimweleza kila kitu tangu ubao mpaka machicha. Sikujipunguzia. Nilimwambia pia kwamba mimi ndiye niliyemsukuma Zhai, na kwamba ule uso wa Pang mimi ndiye niliyepaswa kuutambua.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilimuuliza mwenyewe," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilimuuliza Kaka Pang kwa mdomo wangu, akiwa anakula tambi zangu. Nikamwambia, kaka, niapie, hakuna kingine unachokunywa?"

"Akasema nini?"

"Akasema, mke wangu ni kiboko."

Pumzi yake ilikuwa inakwama, nami kwa mazoea ya miaka arobaini nikanyoosha vidole vitatu kuutafuta mshipa wa mkono wake, nijue damu inakwendaje. Miao akauvuta mkono taratibu, akauingiza chini ya blanketi.

"Mwite nesi," akasema.