Mkorogo wa Sia

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, ziliingia Arusha na makopo ya krimu za kujichubua. Watu wale wale waliopanga foleni kugombea kipande cha sabuni ya kufulia, sasa wanachagua krimu kama wanachagua maharage! Sia, fundi cherehani wa Kimandolu, naye akachagua. Krimu ya kwanza ilipogoma akahamia ya pili; ya pili ilipogoma akaanza kukoroga mwenyewe. Akawa mweupe pee. Abdiel alimposa akiwa na weupe huo, rangi yake ya kuzaliwa hakuwahi kuiona.

Mwezi mmoja kabla ya harusi, uso ukaanza kuwaka moto. Daktari akamwambia aache, ila asiache kwa ghafla: apunguze taratibu, huku akipaka dawa aliyompa. Sia akakubali. Mara mama yake, Marta, akafika kutoka Marangu na jani la isale mkononi, lile ambalo Mchaga akiletewa hana ubavu wa kukataa kusamehe.

"Nisamehe, Sia," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakuita sufuria ya masizi, namsifu dada yako kwa weupe. Mkorogo huo nimekupaka mimi."

Sia alilia sana, maana donda hilo alidhani limepona. Akalipokea jani. Na isale haipokelewi nusu nusu, jamani! Jioni ile ile akatupa makopo yote chooni, na dawa ya daktari humo humo, kwa kuona aibu kusema amesamehe huku bado anajipaka. Kichwa ngumu, kama mama yake.

Ngozi ikalipiza. Mashavu yakachubuka, paji la uso likajaa mabaka meusi. Daktari aliporudiwa alishika kichwa: sasa ni kusubiri, pengine miezi. Na harusi ni Jumamosi! Sia akajifungia chumbani. Abdiel alipokuja aliambiwa kupitia mlangoni arudi kesho, na kesho yake vile vile. Kijana wa watu akabaki anauliza amekosa nini.

Ijumaa Marta aliingia na kopo jipya la krimu, alilolinunua mwenyewe dukani. Alikuwa tayari kula matapishi yake, mradi binti aingie kanisani ameinua uso.

"Paka, mwanangu. Kwa kesho tu."

Sia hakubisha. Alimgeuzia mama uso, akafumba macho. Krimu ilipogusa shavu akapiga yowe. Marta akarudisha mkono, akakaa kitandani na vidole vimejaa krimu, asijue pa kuipaka.