Kaa Laini wa Meza ya Mbaruku

Mbaruku Sadalla hakuwa na saa ya mkono, hakuwa na kitanda cha chuma, hakuwa na shati la pili la kwendea misibani, hakuwa na mke, na meno mawili ya mbele hakuwa nayo pia. Alichokuwa nacho ni meza. Meza ya saruji, kule shimoni, ghorofa ya chini ya ardhi, katika soko jipya la Kariakoo lililokuwa bado linanukia rangi. Hapo aliuza kaa wa mikoko, wazima, waliofungwa magando kwa ukindu.

Miaka ile watu waliusikiliza wito. Redio iliposema Mtu ni Afya, mitaa ilifagia, ikachimba vyoo, ikachemsha maji. Mbaruku hakutaka kubaki nyuma. Kila asubuhi aliyamwaga maji ya bahari yaliyokuja na kaa, akasugua karai lao kwa mchanga, akajaza maji ya bomba yanayong'aa. Akiona gamba tupu linaelea, alilitupa pipani kama uchafu mwingine. Wapita njia walimsifu, naye akavimba kichwa kidogo.

Taabu ilianza siku Bi Sitara wa Mtaa wa Mkunguni alipombonyeza kaa mgongoni, kidole kikazama.

"Mbaruku mwanangu, huyu ni kaa au andazi?"

"Labda kachoka, bibi."

"Kachoka? Aliyechoka ni mimi niliyekuja kwa miguu. Wa juzi nimempika, mchuzi ukawa maji matupu."

Watu wakacheka. Mkaguzi wa soko hakucheka. Alichungulia karai, akakuta watatu laini na wawili wamekufa, akaandika: kaa wana ugonjwa. Mbaruku alipewa siku saba apeleke maelezo kwa maandishi kwa kamati ya soko, la sivyo meza apewe mwingine. Na walioingojea meza ile walikuwa wengi kama foleni ya sukari.

Sasa, maelezo gani? Kilichowapata kaa hakukijua. Na kuandika ndiyo kwanza alikuwa anajifunza, katika darasa la watu wazima huko Mchafukoge, ambako makuli na mafundi cherehani walikaa benchi moja na kuimba silabi kwa sauti kubwa. Chumba kilinuka chaki na jasho la kutwa, na hapakuwa na mtu aliyemwonea mwenzake haya.

Jirani yake Seifu, muuza dagaa, aliona jambo jepesi.

"Sema Mzee Mrisho kakuletea wagonjwa. Yeye hushusha gunia alfajiri, akarudi zake Kunduchi. Nani atapanda basi kwenda kumuuliza?"

Mbaruku aliendelea kusugua karai. Lakini neno lile lilimkaa.

Kesho yake Mzee Mrisho, mvuvi aliyemletea kaa, akashusha gunia lake mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umenuna kama uliyemeza ndimu?"

Mbaruku akamweleza. Mzee alisikiliza, kisha akauliza, "Gamba lake kuukuu unalipeleka wapi?"

"Natupa. Si uchafu?"

Mzee Mrisho akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Mtu kavua nguo, wewe umemnyang'anya nguo na chakula pamoja. Kaa akishavua hulitafuna lile gamba, mwanangu. Na maji ya bomba ya nini? Yule ni wa chumvi. Na akishavua, nyama yake huwa maji kwa wiki kadhaa mpaka ajae."

Siku hiyo hiyo Mbaruku alikwenda ufukweni Feri, akajitwisha debe la maji ya bahari mpaka Kariakoo. Akamchagua kaa mmoja aliyeanza kupasuka ufa nyuma ya mgongo, akamweka peke yake kwenye karai chini ya meza.

Kaa alitoka kinyumenyume, akichomoa mguu mmoja mmoja, kama mtu anayevua kanzu iliyomgandia kwa jasho. Akatoka laini, hana pa kujishikiza. Akanywa maji, akavimba, hata akalizidi gamba alimotoka. Jioni mgongo wake ulikuwa kama ngozi mbichi. Kesho yake ukalia kama karatasi. Kisha akaanza kulimega lile gamba la zamani, kipande baada ya kipande, na Mbaruku akasahau wateja. Siku ya tano alimgonga kwa ukucha: ko, ko.

Akampeleka darasani ndani ya kikapu. Mwalimu Paskalina, binti wa Kibosho, kule milimani mbali na bahari, alimtazama kwa mbali.

"Ni chokaa, Ndugu Mbaruku, kama ya ukutani. Kwanza ngozi mpya inakaza yenyewe, halafu chokaa inaingia. Maji ya bahari yanayo, gamba kuukuu linayo. Lakini kwetu huyu tungemwita mdudu."

"Na nyinyi mnaopika ndizi kwa magadi, sisi tumesema neno?"

Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye. Kisha akasema taratibu, "Nikuandikie hiyo barua? Siku zimebaki mbili."

"Hapana, Mwalimu. Meza ni yangu."

Karatasi ya kwanza aliichana, kwa kuwa ndani yake jina la Mzee Mrisho lilikuwa limejiandika mahali pa mwenye kosa kabla hajalizuia. Ya pili ilimchukua jioni mbili, herufi zikiyumba kama walevi.

"Ndugu Wajumbe. Kaa wangu hawana ugonjwa. Kaa hukua kwa kuvua gamba. Akivua huwa laini, na nyama yake ni maji kwa wiki kadhaa. Hulila gamba lake na kukaa katika maji ya bahari ndipo gamba jipya hukaza. Mimi niliwanyima vyote viwili nikidhani ni usafi, na wawili wakafa. Mzee Mrisho aliyewaleta hana kosa. Kosa ni langu. Kuanzia sasa laini nitawatenga, sitawauza mpaka wajae. Naomba mje mmwone mmoja, yuko chini ya meza."

Aliisoma mara tatu, kidole kikifuata kila neno. Pale penye "Kosa ni langu" kidole kilisimama, kikaendelea. Seifu akamwuliza kwa nini asimpe tarishi wa soko. Mbaruku akasema barua ya mkononi huweza kukaa mfukoni mwa mtu mpaka siku saba zipite. Ya posta ina mhuri wa tarehe. Akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja juu ya saruji mpaka gundi ikashika, akabandika stempu, na asubuhi ile ya siku ya saba akatembea mpaka posta na kuitumbukiza.