Kikapu Kilichozunguka Kinyume

Fundi cherehani alikuwa amelizunguka soko zima na kikapu kikuukuu kwapani, na kila msusi aliyemwonyesha alimjibu kwa kicheko. Kikapu gani hiki, kimekwenda kinyume? Ukili, ule utepe wa majani yaliyosukwa, kila mtu huuzungusha kwenda kulia anaposhona kikapu. Hiki kilikwenda kushoto, toka kitakoni hadi mdomoni.

Alikishona Mgeni, mama wa bibi wa mama yake. Ndivyo walivyomwita huko alikookotwa, katoto kalikotokea peke yake mwaka wa njaa, enzi za misafara ya miguu, hakajui hata kusema kwao wapi, ila mikono yake ilijua kushona. Tangu hapo uzao wake wote ukawa watu wa kuokotwa. Na mama yake fundi, ambaye sasa hata kusimama ni kwa kushikiliwa, alikuwa na kinyongo kimoja tu: "Mbuzi akipotea hutafutwa. Wao mtoto wao hawakumtafuta." Fundi alitaka kuwapata wanaoshona hivyo, amtoe mama mwiba huo kabla hajafumba macho. Dada yake alimwambia anatwanga maji kinuni.

Mchana ulimkuta hoi, akajibwaga kwenye gunia la mtu. Lakini mkono wa fundi haujui kukaa bure. Akatoa sindano, akaanza kushona pale kikapu kilipofumuka, kushoto kushoto, kama alivyofundishwa.

"Wewe!" Bibi mmoja muuza vikapu alichomoka nyuma ya meza yake, akamdaka kiganja. "Nani kakufundisha kushona hivyo?"

"Mama yangu, bibi. Naye alifundishwa na mama yake."

"Haiwezekani! Hivyo tunashona sisi tu, nyumba yetu. Mama wa zamani aliungua mkono wa kulia, akawafundisha wanawe kwa wa kushoto. Tunachekwa mpaka leo!"

Fundi akauliza kama yule mama aliwahi kupotelewa na mtoto.

Bibi alikwenda mezani, akarudi na kikapu kipya, akakipindua. Kitakoni, pale ukili unapoanzia, ilining'inia ncha ndefu isiyokatwa.

"Binti yake alipotea mwaka wa njaa. Walimtafuta mpaka nyayo zikapasuka. Mama yake akaapa: kila kikapu chetu kiachwe ncha, isikatwe mpaka mtoto arudi. Wateja wananung'unika, eti ufundi gani huu. Wanune tu. Hatukati."

Fundi alipiga ukelele, "Huyo ndiye aliyetuzaa!" na soko zima likageuka. Akamrukia bibi, vikapu vikaporomoka, wakawa wanacheka na kulia papo hapo bila haya. Kisha akampigia mama yake simu na kummwagia yote, maneno yakikanyagana.

"Walimtafuta?" mama aliuliza.

"Wanamtafuta mpaka leo, mama."

Bibi alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. "Wewe si fundi? Lete mkasi. Tukate, amerudi."

"Msikate!" Sauti ya mama ilipasua simu. "Nakuja kukata mwenyewe!"

"Mama, hata kusimama huwezi."

"Basi nibebeni," alisema mama. "Nakwenda kwetu."